Jaketi la Bata

“Mabibi na mabwana, wapenzi wa bahari na marafiki wa upepo! Siku ya leo itakumbukwa na vizazi ambavyo bado havijazaliwa!”

Ndivyo alivyotangaza Mwenyekiti wa Mashindano kupitia vipaza sauti vya bandari. Tarumbeta zikaitikia, maputo yakaachiliwa angani, na boti nyeupe ya matanga, yenye mlingoti uliolipita kwa urefu jengo la forodha, ikavuka mstari wa mwisho. Ilikuwa ya kwanza kufika kati ya boti zote zilizokatiza bahari kuu. Nyingine zilikuwa bado zinapambana na mawimbi huko nyuma. Mwenyekiti alikuwa amejiandaa barabara. Alivaa tai mpya, alishika hotuba nene, na alikuwa amekunywa yai bichi kwa ajili ya sauti. Jambo moja tu lilimshinda, nalo hufundishwa darasa la kwanza: kuhesabu. Boti ile ilianza safari na mabaharia kumi. Waliosimama sitahani, wakipunga mikono kama watu waliolazimishwa kupunga, walikuwa tisa.

Na si kwamba hakujua. Alijua tangu juzi. Ila tarumbeta zilikuwa zimeshakodiwa.

“Huu ni ushindi wa ujasiri,” akaendelea, “ni ushindi wa umoja, ni ushindi wa ushu...”

Kipaza sauti kikafa katikati ya neno. Tarumbeta zikalegea moja baada ya nyingine, ya mwisho ikitoa mlio wa mbuzi aliyekanyagwa. Watu wakageuka. Huko waya ulikoishia alisimama mwanamke mfupi mwenye sare ya polisi wa bandari, plagi mkononi. Kituoni walimwita Inspekta mbele yake na Pilipili nyuma yake. Jina la pili alilijua, na hakuwahi kumkemea mtu kwa ajili yake. Aliona limemkaa vizuri.

“Nani kachomoa huo waya?” Mwenyekiti akafoka kwa sauti yake ya kuzaliwa, ambayo ilikuwa ndogo mno kuliko ile ya umeme.

“Mimi.”

“Una habari unavuruga sherehe ya kimataifa?”

“Na wewe una habari yule pale ni nani?”

Inspekta alinyoosha plagi kuelekea kituo kidogo cha polisi, kwenye benchi lililo nje ya mlango. Mwanamke wa makamo alikuwa amekaa hapo, mkoba mapajani, simu mkononi, viatu vikiwa na vumbi la stendi.

“Ni dada yake yule baharia wenu aliyepotea. Amesafiri usiku kucha kuja kuuliza habari za mdogo wake. Nanyi mmemjibu kwa tarumbeta.”

Mwenyekiti akaangalia benchi, kisha akaangalia karatasi zake. Hotuba haikuwa na ukurasa huo.

*

Aliyepotea alikuwa mzamiaji wa boti. Wenzake walimwita Bata, kwa kuwa alikuwa akizama hapa anaibukia kule, na kwa kuwa alitembea hivyo hivyo kama bata. Dada yake alimweleza Inspekta mengine kabla hata hajaulizwa.

“Kwa mama yetu tumezaliwa wawili tu, afande. Mama miguu haimbebi tena, yuko nyumbani, kila nikifumba macho simu inalia. Nimwambie nini?”

“Mwambie tunatafuta.”

“Hilo nimeshamwambia mpaka limechakaa.”

Inspekta akamwita Sajini, mtu mnene mwenye mazoea ya kueleza jambo kabla ya kuliangalia, wakaingia ofisi ya mashindano.

Ukuta mzima ulikuwa ramani ya bahari. Njia ya boti ilichorwa kwa uzi wa bluu. Upande mmoja wa njia hiyo kulikuwa na doa kubwa jekundu, limeandikwa kwa herufi za kutisha: NYAVU ZA JODARI, MARUFUKU. Upande mwingine, mbali kabisa na doa, vilichomekwa vipini vyeupe.

“Hapo penye vipini,” alisema Mwenyekiti, “ndipo alipoanguka. Ndege ya uokoaji iko hapo tangu juzi.”

“Mmejuaje kuwa ni hapo?”

“Nahodha alitupigia kwa simu ya setilaiti, akatupa namba za mahali.”

“Na kile kifaa chenu kinachoonyesha kila boti ilipo? Si mnakitangaza kwenye kila bango?”

Mwenyekiti akajikohoza. “Siku ile kilikuwa kimezimwa. Kihalali! Kila boti inaruhusiwa kukizima mara moja katika mashindano yote, usiku na mchana mmoja, wapinzani wasijue imepita wapi. Tunaiita Siku ya Kiza. Watazamaji wanaipenda sana.”

“Na ninyi waandaaji mnaiona boti siku hiyo?”

“Hata sisi hatuoni. Ndiyo utamu wenyewe.”

Inspekta alimtazama kama mwalimu wa zamu anavyomtazama mwanafunzi aliyekutwa juu ya paa la bweni na ndoo ya maji.

“Kwa hiyo mmeruhusu watu wajifiche baharini, na mtu akipotea, mnachojua ni kile tu anachosema nahodha wake.”

“Nahodha ni muungwana.”

“Na akipita kwenye hilo doa jekundu?”

“Hakuna anayepita! Ukipita unakata kona kubwa, lakini unafutwa mashindanoni papo hapo.”

“Mkiona.”

“Naam?”

“Unafutwa mkiona,” alisema Inspekta, na akatoka bila kuaga.

Nje Sajini alimkimbilia, akihema. “Afande, nimeongea na kituo cha uokoaji. Wanasema jua likizama leo wanasitisha. Kuanzia hapo itakuwa ni kutafuta maiti, na maiti haina haraka.”

“Wamesema hivyo? Haina haraka?”

“Kwa lugha ya kistaarabu zaidi, afande.”

*

Boti ya mbio kwa nje ni bibi harusi, kwa ndani ni kopo la samaki. Inspekta aliinama kushuka ngazi, akajikuta kwenye chumba chembamba kilichonuka chumvi, soksi na unga wa supu. Kila kitu humo kilikuwa kimepunguzwa uzito. Vitanda vilikuwa vitambaa vilivyowambwa kwenye mabomba. Vijiko vilitobolewa matundu. Miswaki ilikatwa mipini, ikabaki vichwa tu vilivyopangwa kama meno ya mzee.

“Hawa watu wana wazimu,” alisema Sajini. “Mtu anakata mswaki?”

“Wanasema kila gramu inachelewesha boti.”

“Basi mimi wangenikata kiuno.”

Karibu na ngazi kulikuwa na safu ya kulabu, kila moja na jina la utani limepakwa rangi juu yake. Kila kulabu ilibeba jaketi la njano la mvua na boya la kuvaa kifuani, na chini yake, kwenye kimfuko cha wavu, jozi ya buti. Sajini alihesabu kwa kidole, akaridhika.

“Kumi, zimetimia. Hata bwenini kwetu, siku ya ukaguzi, hatukuwahi kupanga hivi. Kila kitu mahali pake, afande.”

“Mabaharia waliofika ni wangapi?”

“Tisa.”

“Rudia basi ulichosema.”

Sajini akarudi kwenye safu. Kulabu ya nane iliandikwa BATA. Jaketi lilining’inia hapo, mikono imekunjwa ndani kiustadi, kitambaa kikavu na chumvi nyeupe kwenye mishono. Boya la kifuani lilikuwepo. Buti zilikuwepo, soksi zimeviringishwa ndani yake.

“Nahodha alisema nini kwenye simu?”

Sajini alikumbuka neno kwa neno. “Kwamba alfajiri, giza bado nene, Bata alikwenda omo, pale puani kabisa mwa boti, kubadilisha tanga la mbele. Wimbi likampiga. Alikuwa amevaa kamili, ila taa ya boya lake haikuwaka.”

“Amevaa kamili. Halafu jaketi likaogelea, likapanda boti, likajikunja mikono, likajitundika.”

“Labda ni la mwingine...”

“Labda ni mazoea,” alisema Inspekta. “Mtu amevua nguo zake hapo sitahani. Hawa hawawezi kuona kitu kimelala sakafuni. Kitateleza, kitamwangusha mtu. Mwenzake kazikusanya, kazitundika panapohusika, bila hata kufikiri. Uongo waliupanga, nguo wakasahau kuziuliza.”

Alikuwa anaongea taratibu, na Sajini, aliyemjua, alirudi nyuma kidogo. Pilipili akiongea taratibu ujue mori umeshapanda.

“Mtu anavua buti baharini kwa sababu gani, Sajini?”

“Kulala.”

“Na anavua boya? Sitahani?”

“Hapana. Hapo labda awe anaoga. Au anaingia majini.”

“Tafuta vifaa vya kuzamia.”

Mfuko ulikuwa chini ya ngazi. Ndani yake kulikuwa na viatu vya kuogelea vya mpira na kamba, basi. Miwani ya kuzamia hakuna. Ala ya kisu ilikuwepo, kisu hakuna. Vazi la mpira la kuzamia, ambalo kanuni zinalazimisha kila boti ibebe, hakuna.

Wakapanda juu. Inspekta alimwamuru Sajini alale kifudifudi nyuma ya boti na achungulie usukani. Sajini alilala, tumbo likamwinua kama mizani, akachungulia hivyo hivyo, miguu hewani.

“Kuna michubuko mipya, afande. Na kitu cha kijani kimebana pale juu, kati ya usukani na boti.”

“Vuta.”

Alivuta kipande cha uzi mnene wa wavu, wa kijani, ncha moja imekatwa kwa kisu, safi kabisa.

Inspekta aliushika uzi ule kama mtu anavyoshika mkia wa panya. Penye vipini vyeupe hakuna wavu. Hapo ni kilindi kitupu. Nyavu ziko kwenye doa jekundu.

“Hakuanguka,” alisema. “Walimteremsha. Na ana vazi la mpira, Sajini. Vazi hilo linamweka mtu juu ya maji na linamhifadhia joto. Yawezekana mpaka sasa anapiga miguu huko, anasikiliza ndege isiyokuja. Na hawa wamesimama hapa wanapungia maputo!”

Kofia yake aliibamiza sitahani. Ikadunda, ikaingia majini. Hakuna aliyethubutu kuiokota.

*

Nahodha alikuwa mtu mtanashati, uso umeungua na jua vizuri kama mkate. Alikaa kwenye chumba cha mahojiano, chumba kidogo chenye meza ya chuma na feni iliyozunguka kwa kusitasita, akakunja nne.

“Pole na safari, Nahodha.”

“Asante. Ungenipa na pole ya mtu wangu.”

“Zamu yake itafika. Bata alikuwa amevaa nini?”

“Nimeshaeleza. Jaketi, buti, boya la kifuani.”

“Jaketi la rangi gani?”

“Njano. Yote ni ya njano.”

Inspekta alitoa jaketi chini ya meza, akalitandaza mbele yake. “Hili limetoka kwenye kulabu ya Bata. La nani?”

Nahodha hakupepesa macho. “La akiba.”

“Na buti za akiba? Na boya la akiba? Mnakata mipini ya miswaki ili boti iwe nyepesi, halafu mnambebea mtu mmoja seti mbili za kila kitu?”

Nahodha akalisukuma jaketi pembeni kwa kidole.

“Vazi la kuzamia liko wapi?”

“Lilichanika, tukalitupa.”

“Na kisu nacho kilichanika?”

“Inspekta,” Nahodha alishusha pumzi, mpole, mwenye subira, kama anayezungumza na mtoto wa jirani. “Mimi nimepoteza mtu. Wewe unanihoji habari za nguo kama dobi.”

“Dobi anarudisha nguo kwa mwenye nguo!” Inspekta alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. “Wewe umerudisha nguo tu! Mlipita kwenye nyavu, usukani ukanaswa, Bata akazama kuukata, mkamwacha. Halafu ukaitaja sehemu nyingine kabisa ya bahari, kwa sababu ungeitaja ya kweli ungefutwa, na kile kikombe wangekipeleka kwa mwingine. Nipe namba za mahali. Sasa hivi.”

“Thibitisha.”

“Mtu yuko majini!”

“Thibitisha,” alirudia Nahodha, na safari hii alitabasamu kidogo. “Kompyuta ya boti iliingia maji, haina kumbukumbu. Mwanasheria wangu anakuja kesho. Mpaka hapo sina neno.”

Kesho. Inspekta alitoka kabla mikono yake haijafanya jambo ambalo sare haikuruhusu. Akapigia kituo cha uokoaji, akaeleza yote: jaketi, mfuko, uzi. Msimamizi wa zamu alimsikiliza mpaka mwisho.

“Nakuamini,” alisema. “Lakini ukanda ule ni mkubwa kama mkoa mzima. Ndege moja haiumalizi kabla ya jua kuzama. Nikiitoa ilipo halafu akawa hapo hapo, nani atabeba lawama?”

“Mimi.”

“Lawama haina digrii wala dakika, Inspekta. Mimi nataka namba za mahali, digrii na dakika.”

*

“Afande, mbona tunajizungusha?” Sajini alikuwa amesimama koridoni, ameshika kikombe cha chai na nadharia. “Yule mshika usukani, wanayemwita Twiga, ana jicho lililovilia damu. Nimewahoji wengine. Twiga na Bata walitumia kitanda kimoja kwa zamu, huyu akiamka yule analala. Bata alikuwa anakiacha kimelowa. Waligombana. Twiga kamsukuma, kesi imekwisha.”

“Waliokwambia ni wangapi?”

“Nahodha, kabla hujamhoji, na wale wengine saba. Wote wanane. Wote wamesema, ‘Waligombana vikali juu ya kitanda, sisi tukajaribu kuwaamua.’”

“Kwa maneno hayo hayo?”

“Hayo hayo.”

“Watu wanane wakisimulia ugomvi kwa maneno yale yale, huo si ugomvi, ni wimbo wa shule. Wamefundishwa. Wanamtoa kafara mwenzao. Nipe huyo Twiga.”

Twiga alikuwa kijana mrefu aliyeingia chumbani kwa kuinama, na akaendelea kuinama hata baada ya kuketi. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefura. Inspekta alimuuliza juu ya kitanda. Akajibu kuwa ndiyo, waligombana, kama kaka na mdogo wake, wakacheka siku hiyo hiyo. Akamuuliza juu ya jicho, akaligeuzia ukutani. Akamuuliza juu ya nyavu, akatazama sakafu. Lakini kila mlango ulipolia, kichwa chake kirefu kiligeuka upesi, na midomo ikajiandaa kuuliza jambo ambalo haikuuliza.

Inspekta aliliona hilo. Akatoka. Dirisha la koridoni lilikuwa linaangalia magharibi, na jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye winchi za bandari. Alisimama hapo kidogo. Kisha akajivisha tabasamu, ambalo hakuwa amelivaa kwa muda mrefu na likambana kama kiatu cha mwaka jana, akausukuma mlango.

“Amepatikana.”

Twiga aliinuka mpaka kichwa kikakaribia feni. “Nani?”

“Bata. Meli ya wavuvi wa jodari imemwokota. Yuko hai. Anaongea.”

Sajini, pembeni, alifungua macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Inspekta alimkanyaga mguu.

Twiga alikaa. Alicheka, halafu kicheko kikageuka kitu kingine, akajifunika uso kwa mikono yake mikubwa. “Mungu wangu. Oh, Mungu wangu. Amesema nini, afande?”

“Kila kitu. Sasa nataka nisikie kwako, na mahali mlipomwacha, namba kwa namba. Zikilingana na zake, unatoka hapa shahidi. Zisipolingana, unatoka mwenzake Nahodha.”

Hapo maneno yalimtoka kama maji kwenye bomba lililopasuka.

“Usukani nilishika mimi. Nahodha alisema tukate kona kwenye nyavu, ni Siku ya Kiza, hakuna atakayejua. Tukanaswa. Bata akavua, akavaa lile vazi la mpira, akashuka na kisu. Nilimwomba Nahodha tushushe matanga kwanza, ndiyo taratibu, boti isije ikaondoka mtu yuko chini. Akasema kuyapandisha tena kutatuchelewesha. Wavu ulipokatika, afande, upepo ulikuwa umejaa. Boti iliruka kama mshale. Nilimwona Bata anaibuka nyuma, ananipungia kisu, anacheka! Alidhani tunamtania. Tukamtupia boya la bendera. Mpaka tunafanikiwa kugeuza, mawimbi yalikuwa yamemficha.”

“Mkamtafuta kwa muda gani?”

“Mpaka Nahodha aliposema basi.”

“Na jicho?”

“Nilishika simu ya setilaiti niseme ukweli. Akanipiga nayo.” Aligusa uvimbe. “Kisha akatuambia mkondo utamsukuma Bata mpaka kule wanakotafuta. Akasema hakuna haja ya kupoteza na mtu na ushindi. Tukakubali. Mimi nilikubali, afande. Nguo zake nimezitundika mimi.”

“Namba.”

Hakuhitaji kukumbuka. Alizitaja kama mtu anavyotaja jina lake, digrii na dakika, upande mmoja na wa pili, na akazirudia bila kuombwa. “Nilizisoma kwenye kioo alipoibuka. Tangu hapo zinajisema zenyewe kichwani.”

Sajini alikuwa ameshaandika. Inspekta akakimbilia chumba cha pili, akapiga simu, akazisoma namba na kutaja boya la bendera. Kwenye laini ikasikika sauti ya msimamizi ikiamuru mtu mwingine kwa haraka, kisha: “Ndege inageuka. Tutafika kabla ya kiza. Tukikuta bendera...”

“Nendeni tu!”

Alikata. Kupitia ukuta wa mbao alimsikia Twiga anaomba maji ya kunywa, na Sajini, mtu mwema kuliko inavyomfaa polisi, anamwambia mtungi uko nje ya mlango.

Nje ya mlango, penye benchi.

Inspekta alielewa, na alikuwa amechelewa.

“Dada! Dada yetu! Yuko hai! Bata wetu amepatikana, yuko hai! Nisamehe, dada, nisamehe!”

Alipofika mlangoni, Twiga alikuwa amepiga magoti, amekumbatia miguu yenye vumbi la stendi. Dada mtu alikuwa amesimama, mkoba umeanguka, vitu vyake vimetapakaa, na simu iko sikioni. Alikuwa anasema, “Mama, mama, wamempata! Mama, usilie sasa!” Alipomwona Inspekta alimshika mkono kwa nguvu, akaubusu.

“Mungu akuzidishie, afande. Yuko hospitali gani? Amekula?”

Inspekta Pilipili, aliyekuwa amewapigia kelele watu wa kila cheo tangu asubuhi, hakuwa na kelele tena.

“Dada, hayuko hospitali.”

“Yuko wapi basi?”

“Sijui. Hajapatikana.”

Twiga aliinua uso. Inspekta aliendelea kwa sababu hakukuwa na namna ya kutoendelea.

“Nilimwambia huyu kijana kuwa amepatikana ili anipe mahali pa kweli. Walikuwa wanamtafuta kusiko. Amenipa. Ndege inakwenda huko sasa.”

“Ni mzima?”

“Sijui, dada. Anaweza kuwa.”

Mkono uliokuwa umemshika ukaachia. Uso wa dada mtu, uliokuwa umefunguka wote, ukafungwa kidogo kidogo mpaka ukawa ukuta.

“Huyu ulimdanganya upate namba,” alisema. “Sawa. Na mimi, ulitaka kupata nini kwangu?”

“Wewe sikukusudia.”

“Na mama yangu?”

Simu ilikuwa haijakatwa. Ilisikika ikicheka, ikilia, ikiita majirani kwa majina, njooni, njooni msikie. Dada mtu alimnyooshea Inspekta.

“Mimi simwambii. Mwambie wewe.”

Inspekta aliipokea. Ilikuwa na joto.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu, marahaba! Wewe ndiye daktari? Mpe simu nimsikie, hata akikohoa tu!”

“Mimi si daktari, mama. Mimi ni polisi. Mwanao hajapatikana. Mimi ndiye niliyesema amepatikana, na nilikuwa nadanganya.”